Kesho Khamis akiuliza kama mmemwia radhi Rahma

Siamini bado. Rahma wetu wa Kilburn, hapa London, ameanguka jana mchana ofisini kwake, na hakuinuka tena. Kaka yake Khamis kanipigia, kasema, "Ameondoka." Nikamuuliza ameondoka kwenda wapi. Ya Rabbi!

Wengi mnaosoma hapa mlimjua kwa ubaya. Alikuwa wakili wa makampuni: kundi la watu likiishitaki kampuni, yeye ndiye wa defence, upande wa kampuni. Na ile kampuni iliyowapangisha flats zenye ukungu ukutani, watoto wenu wakakohoa mwaka mzima, aliitetea yeye.

Mimi nilikuwa wakili wenu. Tulishindwa pamoja, na aliyetushinda ni rafiki yangu tangu chuo.

Kesi ilipokuwa ikiendelea tuliwekeana sharti isiingie nyumbani. Nikimkuta kwa mama yake nimenuna, hucheka: "Wee, kama umekuja kunipeleleza, kunywa chai kwanza!"

Nikimwambia anatetea matajiri, hunijibu, "Na tajiri akinyimwa wakili, hukumu yako itakuwa na maana gani?" Nilikuwa nakasirika. Hata sasa nakasirika, na sina wa kugombana naye.

Lakini kuna jambo hamkuliona. Siku Bi Asha, mpangaji mwenzenu, alipotoa ushahidi, barrister wao, yule wakili wa kusema mbele ya jaji, alimbana kwa maswali bila kumpa nafasi ya kupumua. Rahma alikuwa amekaa nyuma ya huyo barrister. Nikamwona anamvuta joho. Barrister hakugeuka. Akamvuta tena kwa nguvu, akamnong'oneza, na yule bwana akaomba mapumziko. Bi Asha akaletewa maji, akapata na nafasi ya kuswali. Waliporudi, maswali yale hayakuulizwa tena.

Bosi wa Rahma alimfokea koridoni. Nilisikia kwa masikio yangu.

Rahma hakuwaambia ninyi. Hata kwenye ile harusi ya Edmonton mlipomwachia meza nzima peke yake, jamani, alikula biriani yake, akawaaga wenye shughuli, akaenda zake.

Kesho baada ya Adhuhuri ataswaliwa. Khamis atasimama mbele ya safu, kama ilivyo ada yetu, awaulize mnamwia radhi marehemu au vipi. Mimi mwanamke, nitakuwa nyumbani na mama yake, siwezi kusimama nikasema haya. Ndiyo maana naandika.

Khamis kaniuliza, "Dada, wakinyamaza je?"

Nikampigia Bi Asha, nikamweleza habari ya joho. Akasema, "Mwanangu, kifua cha mjukuu wangu bado kinakoroma." Ningembishia nini? Nimekata simu, nimekaa chini jikoni, nimelia mpaka sauti imekauka.

Sikuombeni msahau. Kampuni msiisamehe, hata mimi siisamehe. Nakuombeni huyu mmoja. Maisha yake yote alisimama kuwasemea wengine, na kesho atalazwa mbele yenu hana kauli. Njooni, hata kama moyo mzito. Khamis akiuliza, mjibuni kwa sauti. Nawapigia magoti.

Rahma, shoga yangu, sijui watasema nini. Naogopa. Lakini wa kwanza kukuwia radhi ni mimi, uliyenishinda.

Lala, mwaya. Lala salama.