Kanuni ya Sita

Wiki ile nzima nilikosa usingizi kwa swali moja: je, kanuni ya sita ilimruhusu mbeba fimbo kuinama?

Najua linavyosikika. Nilikuwa kijana mwenye cheti kipya cha chuo kimoja cha Uganda, karani katika ofisi ya mgodi mdogo wa almasi, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Didia, na sikuwa nimewahi kushika fimbo ya gofu. Lakini mtu aliyeishi ndani ya ua wa mgodi ule miaka ya hamsini atanielewa. Kuinama pale hakukuwa jambo dogo.

Sheria iliandikwa kwenye ubao langoni: asiye na kazi ya kuchambua mawe haruhusiwi kuokota kitu chochote kutoka ardhini. Chochote, isije ikawa almasi. Mtu akiangusha senti, aliiwekea mguu juu, akanyoosha mkono hewani, akangoja askari aje aiokote yeye. Tulizoea mpaka ikatuingia mwilini. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mnyapara wa wabeba fimbo kwenye uwanja wa gofu. Akienda kwake Didia kulima na jembe likamponyoka, husimama kwanza, hutazama huku na huku, ndipo huinama. Mkewe alikuwa akimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijikuta nikifanya vivyo hivyo kanisani nilipoangusha kitabu cha nyimbo.

Uwanja wenyewe ulikuwa ndani ya ua huohuo, juu ya ardhi ambayo haijachimbwa. Ulikuwa na mashimo tisa, na kuzunguka kila shimo palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ya mashine na kusawazishwa kwa reki. Kiangazi nyasi zilikufa, ikabaki changarawe. Wazungu wa mgodi walikuwa na mazoea yao: mbeba fimbo alionyesha mpira kwa ncha ya fimbo, mchezaji mwenyewe akainama. Mazoea hayo hayakuandikwa popote.

Kisha yakaja mashindano ya timu, yaliyopangwa kuchezwa Jumapili. Katibu wa klabu, mhandisi mmoja Mwingereza, alinipa kurasa mbili za kanuni nizitafsiri na kuwasomea wabeba fimbo siku ya Ijumaa. Timu zilikuwa nne, kila moja watu wanne: wenyeji, maofisa wa serikali kutoka Shinyanga mjini, watu wa kiwanda cha kuchambua pamba, na watu wa mgodi wa dhahabu kutoka upande wa Geita. Kila mchezaji angecheza mpira wake, na katika kila shimo yangehesabiwa matokeo mawili bora ya timu. Wangezunguka uwanja mara mbili. Mchezaji dhaifu angepunguziwa mipigo kulingana na uwezo wake, kwani mwenye mipigo michache ndiye mshindi. Hayo yote niliyamaliza asubuhi moja.

Kanuni ya sita ndiyo iliyonisimamisha. Ilisema kwamba kwa sababu ya changarawe, mpira unaweza kuinuliwa, kufutwa na kuwekwa tena karibu, na kokoto zilizouzunguka kuondolewa, na mchezaji au mbeba fimbo wake. Kanuni ya tisa ilisema timu itakayochelewesha mchezo itaongezewa mipigo miwili.

Nilizisoma pamoja, kisha nikazisoma tena kuanzia chini. Mgeni hajui ubao wetu. Atamwambia mbeba fimbo aondoe kokoto. Akiinama, askari atamwona. Akinyoosha mkono kungoja askari, mchezo umechelewa, timu imeadhibiwa, na mbeba fimbo aliyesababisha hayo haitwi tena kazini. Na mjomba alikuwa amepangiwa kumbebea nahodha wa Geita.

Mwaka uliotangulia mbeba fimbo mmoja alionekana ameinama karibu na shimo la nne. Mkononi alikuwa na jiwe jeupe lisilo na thamani yoyote. Alipelekwa polisi hata hivyo, akafungwa. Mkewe alihamishwa siku hiyohiyo, na chumba chao kilipakwa chokaa kabla ya Jumapili. Hatukulitaja jina lake tena. Mimi pia sikulitaja.

Nilikwenda kwa katibu. Nilikuwa nimeliandaa swali langu kwa heshima nyingi mno, nadhani hata hakulielewa. Aliendelea kutia sahihi barua zake, akasema kila mtu hapa anajua la kufanya. Nilitoka nikijiuliza huyo kila mtu ni nani. Nahodha wa Geita hakuwemo. Askari wapya walioletwa kwa ajili ya wageni hawakuwemo. Nikafikiri nibadilishe maneno kimyakimya katika Kiswahili. Nikajiambia karani anayebadilisha maneno ya mkubwa wake ni mwongo. Halafu nikajiuliza anayeyaacha yalivyo ni nani.

Mlangoni nilikutana na mkuu wa askari, mtu wa sauti ya upole kutoka kusini. Alikuwa na darubini mpya kifuani. Alinisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Na mjomba wako, mgongo wake mzima? Mwambie autunze Jumapili."

Ijumaa niliwasomea wabeba fimbo kwenye banda la mabati. Walikuwa watu wazima wenye watoto, na walisikiliza kama watu wanaosomewa hukumu. Nilipofika kanuni ya sita, mjomba alinyoosha mkono.

"Msomi, nikiinama mimi, nani atamwambia askari kwamba nimeruhusiwa?"

"Karatasi inasema hivyo, mjomba."

"Basi karatasi ikae tayari kufungwa," alisema mwingine nyuma. Walicheka kidogo, nikaendelea na kanuni ya saba.

Jumamosi wageni walifanya mazoezi. Niliwafuata kwa mbali, nikijisingizia kupeleka kadi za kuandikia matokeo. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeficha upande wote wa kijiji cha Songwa. Kwenye shimo la tano mpira wa nahodha wa Geita uliangukia kwenye changarawe. Akaonyesha kokoto kwa kidole. Mjomba akanyoosha mkono juu, akasimama hivyo. Nahodha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayesema na kiziwi. Niliuona mkono wa mjomba ukishuka polepole. Alipiga goti moja, mkono haukuwa umefika chini, na askari wawili walikuwa wameshatoka nyuma ya kichuguu.

Walimkagua palepale. Walimfungua vidole, wakampanua mdomo, wakamvua viatu. Nahodha alishangaa, akasema ni yeye aliyemtuma, na hilo ndilo lililomwokoa. Mkuu wa askari aliandika jina la mjomba katika daftari lake bila haraka. Alimweleza kwamba mara ya kwanza mtu husikilizwa.

Jioni nilimkuta mjomba kwenye kibaraza cha chumba chake mle uani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Nilimwomba asiende kesho, aseme anaumwa. Akaniambia kwamba mtu aliyeandikwa jina Jumamosi akiugua Jumapili, askari watakwenda kutafuta almasi kwake Didia na kuchimba mpaka jikoni kwa mkewe. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Wewe ndiye uliyeisoma hiyo kanuni. Ina maana gani?"

Nilirudi, nikalala chali, nikaipima kila njia na kila njia ilikuwa na tundu. Alfajiri nilielewa kwamba nilikuwa nikitafuta njia ambayo mimi mwenyewe nisingeonekana. Haikuwepo.

Nilifungua ofisi kwa ufunguo wangu, nikapiga chapa nakala sita, Kiingereza juu na Kiswahili chini: *Kanuni ya sita. Mchezaji mwenyewe ndiye ainuaye mpira na kuondoa kokoto. Mbeba fimbo hagusi ardhi, na kwa hilo timu haiongezewi mipigo.* Chini yake nikaandika jina langu lote.

Mahali pa kuanzia mchezo niligawa karatasi. Ya kwanza nilimpa mkuu wa askari, asije akasema hakuiona. Kisha manahodha wanne. Ya mwisho nikampa katibu. Aliisoma mara mbili, masikio yakamwiva. Akaniuliza kwa Kiswahili, wabeba fimbo wote wakisikia, ni nani aliyeniruhusu.

"Hakuna, bwana. Nimeiandika mwenyewe."

Manahodha walikuwa wameshazikunja karatasi zao na kuzitia mfukoni, na mmoja wao aliuliza kama tunaanza au hatuanzi. Katibu aliashiria waanze.

Katika mpigo wa pili mpira wa nahodha wa Geita uliangukia kwenye kokoto. Mjomba aliusogelea, akauonyesha kwa ncha ya fimbo, mgongo wake umenyooka. Nahodha alingoja kidogo. Kisha akainama yeye, akaanza kuokota jiwe moja moja. Mkuu wa askari alishusha darubini, akaikunja karatasi yangu mara nne, akaitia mfuko wa shati, pamoja na daftari lake la majina, na kufunga kifungo.