Sweta ya Mama Haikuwa na Fundo

Sisi watoto wa Dundori wa wakati ule tulikuwa tunavaana. Wewe uliyekulia baridi ile unanielewa kabla sijaeleza. Sweta ikimbana Ngugi, kaka yetu mkubwa, Mama anaifumua yote, anaongeza uzi, anamfumia Njeri. Njeri akirefuka, inafumuliwa tena, inakuja kwangu mimi kitinda mimba. Shuleni walinicheka, "Eh, leo umevaa kaka yako ama dada yako?" Nami najibu, "Nimevaa wote. Wewe umevaa nani?" Aliyeuliza anatetemeka na shati moja.

Uzi wenyewe hatukununua. Likizo ya Agosti, ukungu ukiwa bado umelalia viazi, Mama alitupanga mstari na viondo vyetu, tukapanda hadi seng'enge ya lile shamba kubwa la kondoo. Kondoo wakijikuna pale, manyoya yanabaki kwenye miiba ya waya. Sisi tunachuna. "Pole pole," Mama anasema, "kondoo ametuachia, hatumpori." Vidole vinakufa ganzi, vinanuka kondoo siku mbili, hata ugali una ladha ya kondoo. Ngugi alibandika manyoya kidevuni, akatembea ameinama akikohoa kama mzee wa kanisa, mpaka Mama akasahau kumkemea.

Viondo vikijaa tunapanda juu kabisa, mahali unaona Nakuru yote chini, na ziwa limevaa mkanda wa waridi wa flamingo. Hapo ndipo Mama anafungua leso, mkate unatoka. Aliuoka mwenyewe jana yake: unga wa ngano, maziwa mala, sukari kidogo, sufuria nzito, makaa chini na makaa mengine juu ya kifuniko. Ukiwa motoni hakuna kukimbia jikoni. "Mtaushtua, utalala!" Basi tunanyata kama wezi nyumbani kwetu wenyewe. Ganda la chini linaungua kidogo, na hilo ndilo tulilopigania. Siku hizi vijana wakipanda pale wanaita hiking. Wamebeba krisps, wameligeuzia ziwa mgongo ili wajipige picha. Ziwa lenyewe wataliona wakifika nyumbani, kwa simu.

Mama alisokota uzi pajani na kufuma kwa spoku za baiskeli alizonoa kwa jiwe. Uzi ukiisha, hakufunga. Anachambua ncha mbili, anazilaza pamoja, anatema mate kiganjani, anasugua pajani mara mbili tatu. Ukivuta haukatiki, na ukitafuta mahali ameunga huoni. "Fundo ni la kufungia mbuzi," alisema. "Mtoto akilalia fundo atajua mama yake alikuwa mvivu."

Sasa yaliyofuata, na nitataja majina, maana nimechoka kusema "watu fulani". Ngugi aliuawa na pombe ya Wairimu, ambaye alijua ametia nini ndani. Asubuhi alikuwa haoni, jioni alikuwa hayupo. Njeri alikuwa na kifua, na Mwaniki, aliyejiita daktari pale sentani penye maduka, akamdunga sindano za malaria miezi mitatu. Malaria! Dundori, na baridi ile! Mama akawafuata. Udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, Karanja, ndugu ya baba yangu, akahamia kwetu akisema kaka yake hakuacha mtu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Niliishia darasa la tano. Makaratasi ya Kiingereza aliyonipa niweke sahihi, niliweka.

Mwaka huu Shiko, binti ya Njeri, amejifungua mwezi wa saba, katikati ya baridi. Mimi, tata yake, yaani mama yake mdogo, napanga chumba Njoro, yeye yuko nami. Nikasema moyoni, mtoto huyu lazima avae watu wake. Sikuwa na kitu kingine cha kumrithisha. Na ile sweta yangu ya mwisho ilibaki Dundori.

Niliikuta. Karanja alikuwa ameziba nayo dirisha lililovunjika.

"Baba mdogo, nimekuja kuchukua sweta yangu."

"Sweta gani?"

"Hiyo ya dirishani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hilo tambara? Na ukilitoa, upepo niuzibe na nini? Na wewe?"

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakishindilia pale. Nikaondoka kichwa wazi.

Nilipitia kwenye seng'enge nione kama nitaokota manyoya ya kuongezea. Kondoo hakuna. Kibe, aliyekuwa meneja, aliwapeleka wote kichinjioni, shamba likakatwakatwa. Waya ungalipo. Umeshika mifuko ya plastiki.

Sweta yenyewe ilikuwa imekula jua na mvua miaka hiyo yote. Nilipofumua, uzi ulikatika kila shubiri. Nikatema mate kiganjani, nikasugua pajani kama Mama. Vipande vingine vikashika! Nililia kama mjinga. Lakini vilitosha kifua peke yake. Uzi wa mikono na mgongo nikanunua mjini, na huo ni plastiki unang'aa. Nilitema mate mpaka mdomo ukakauka, nikasugua mpaka paja likachubuka. Haushikani. Nikafunga fundo. Nikafunga lingine. Nilipofika kumi na saba niliacha kuhesabu.

Shiko akamvisha mtoto, akamlaza. Mtoto akalia. Akimwinua ananyamaza, akimlaza analia.

"Tata, kuna kitu kinamchoma mgongoni."

"Ni mafundo."

"Si tungechukua tu hoodie ya mtumba? Hata ina masikio ya sungura."

Akaivua ile sweta, akaigeuza ndani ikawa nje, akamvisha tena. Mtoto akalala.

Sisi tulivaana miaka yote ile na hakuna aliyewahi kuona mahali tulipoungwa. Huyu wetu wa leo amelala na mafundo yake yote yako nje, na kila jirani anayeingia anayashika akiuliza, "Haya ni ya nini?" Naanza juu mgongoni nikishuka. Hili ni Wairimu. Hili Mwaniki. Hili Karanja. Hili Kibe. Na hili kubwa la chini, lililofungwa vibaya, ni mimi na ile sahihi yangu.