Niliua Redio ya Shule, Nikamtwisha Mwanangu

Kosa ni langu, jamani, msimtafute mwingine! Nimelibeba tangu miaka ya sabini. Herufi zangu ni za darasa la pili, mnivumilie.

Tulikaa kijijini huku Rungwe, Mbeya. Binti yangu wa kwanza, Atupele, alizaliwa na macho mabovu. Ubao kwake ulikuwa ukuta mweusi tu. Shuleni wakamwita mjinga. Mtoto wangu!

Ndipo akaja Mwalimu Kihwele, kijana wa Mlandege kule Iringa, na redio yake mwenyewe. Kipindi cha shule kikianza anaiweka mezani, darasa zima kimya, kisha anauliza maswali. Wa kwanza kujibu ni nani? Atupele! Hesabu, hadithi, majina ya mito. Akirudi ananisimulia yote huku anamenya ndizi. Akasema akikua atakuwa yule anayesema ndani ya redio.

Mwalimu akaniambia, "Mama Atupele, huyu si mjinga. Tulikuwa tunayafundisha macho, kumbe mwenzetu anasoma kwa masikio."

Paa la shule lilivuja, kwa hiyo redio ikawa inalala kwangu.

Jumamosi moja akaja wifi yangu Sekela na wenzake. "Wifi, tuwashie basi! Au ya mwalimu haijui muziki?" Tukacheka, tukacheza mpaka sauti ikafifia. Mawe yamekwisha, zile betri!

Siku zote mawe ya redio yakichoka tuliyaanika juani, yapate nguvu kidogo. Lakini Rungwe wakati wa masika, jua utalitoa wapi? Nikayafukia kwenye majivu ya moto, kando ya mafiga. Yakavimba, yakatoa maji. Nikayafuta kwa kanga, nikayarudisha ndani. Nikanyamaza.

Jumatatu Atupele akaipeleka shule, na mchana mwalimu akaja nayo mkononi, imekufa, ndani imeliwa na yale maji. Atupele kasimama ubavuni pake.

"Mama, nani kaichezea?"

Ee Mungu wangu! Nikasema, "Ni huyu, mwalimu. Si unawajua watoto."

Atupele akageuza uso kwangu.

Mwalimu hakumpiga. Ila redio nyingine haikuwepo, darasa likarudi kwenye chaki. Wenzake wakamzomea njia nzima: "Muua redio huyoo!" Mwisho akakataa shule kabisa. Nikamwoza angali mdogo, akaenda Chunya kwenye mashamba ya tumbaku. Hata salamu zake kwangu zikawa za kutuma watu.

Juzi, na uzee huu, nilimfuata. Nikamweleza yote, nikalia.

Akasema, "Mama, nilikusikia unayatoa mawe majivuni. Nilikuwa nimejilaza palepale jikoni. Siku ile mbele ya mwalimu nilikuwa nangoja useme."

Akainuka, akaenda kuteka maji.

Walimu, siku hizi mna simu, mna kompyuta. Ziingizeni kwenye masomo ya watoto wadogo, msiseme ni anasa! Yupo mmoja darasani ambaye bila chombo hicho hamtamfikia kamwe. Mimi nilimzaa huyo.

Na ninyi wazazi wenzangu, chombo cha shule kikilala kwenu, msikiguse. Mkikigusa kikaharibika, semeni. Semeni saa hiyohiyo, mtoto angali amewageuzia uso!