Mwiko wa Zamu ya Mwisho

Nilikwama kwenye sura ya tisa. Dola niliyoibuni, yenye milima ya shaba na farasi wa rangi ya moshi, ilitawaliwa na Baraza la kambi mbili, Mlima na Mto. Kila kambi ilishika muhuri mwezi mmoja, kisha ikaukabidhi kwa wenzao. Mfalme nikamuua katika mwezi wa Mlima. Mlima wakagoma kuutoa, na mimi nikashindwa kuwaamua.

Mtu mzima na akili zangu, sikuona kwamba naandika habari za kwetu.

Baba alikuwa na wake wawili, nyumba moja hapa Gongoni, ua mmoja, jiko moja. Walipika kwa zamu, siku mbili mbili. Anayetoka zamu aliosha mwiko akamkabidhi mwenzake mkononi baada ya alasiri, na tangu hapo mpokeaji ndiye mwenye kauli: tule nini, mgeni alale wapi. Baba alifariki siku ya pili ya zamu ya mama mkubwa. Walikaa eda pamoja, wakatoka, mwiko haukukabidhiwa. Mama yangu akasubiri weee. Mwisho akanunua jiko lake la mkaa akaliweka mlangoni kwake, na maneno kati yao yakabaki salamu tu. Miaka miwili hiyo. Mama alishaanza kuugua miguu, nami niliogopa wasije wakazikana na vinyongo vyao.

Alasiri moja nilikuwa uani nawasomea, kila mmoja kakaa mlangoni kwake anabangua karanga tulizoletewa kutoka Igalula. Nikafika pale mzee wa Mlima anapoukumbatia muhuri.

"Roho mbaya tu," mama akasema, hata macho hakuinua. "Uchu wa madaraka. Watu wa hivyo wapo."

Hapo ndipo nilipotambua nilichokiandika. Aibu iliyonishika, nilitamani nilimeze lile daftari.

Mama mkubwa aliendelea kubangua. "Na wewe mwandishi, mabaraza umeyajulia wapi? Huyo mzee hataki madaraka. Akiutoa muhuri, zamu imekwisha. Na zamu ikiisha, mfalme amekufa kweli."

Mama aliacha karanga zake.

Kisha mama mkubwa akaingia chumbani, akatoka na mwiko. Ugali wa siku ile ulikuwa bado umegandia, mkavu, mweusi pembeni. Hakuwahi kuuosha. Miaka yote nilimhesabia kiburi, kumbe mwenyewe alikuwa analia na chakula cha mwisho alichompikia mumewe.

"Bi mdogo," akasema, "peke yangu siwezi. Nimwagie maji."

Mama na miguu yake ile akanyanyuka, akachota maji kwa kata, akavuka ua. Mmoja akamwaga, mwingine akasugua. Ugali uling'ang'ania, wakaongeza maji, wakasugua tena. Mama mkubwa aliufuta mwiko kwa upindo wa khanga yake, akautia mkononi mwa mama.

"Haya. Zamu yako."

Mama aliutazama sana ule mwiko alioungoja miaka miwili. Kauli sasa ilikuwa yake.

"Dada," akauliza, "leo tule nini?"