Riwaya Ndani ya Kava ya Biblia

Leo nimesimama kwa kaburi la nyanya yangu na riwaya ya mauaji mkononi, na pasta ananiambia nisome.

Ngojeni niwaeleze.

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, alipoacha kuona, nikawa namsomea riwaya kila jioni hapa Nunguni. Nasoma Kiswahili, namgeuzia Kikamba. Ili akina mama wa kanisa wasianze maneno, yeye mwenyewe aliniambia niweke kitabu ndani ya kava ya Biblia yake, ile ya zipu.

Tulibakisha sura moja, ile ya kujua nani aliua. Akakataa nisome.

"Kitu kitamu hakimalizwi siku moja, mwana wakwa."

Asubuhi hakuamka.

Sasa leo pasta anatangaza, "Huyu mjukuu alikuwa anamsomea Neno kila siku. Aje atusomee pale walifikia."

Anti akanipa kava mbele ya watu wote. Nikafungua zipu. Si mnajua kilichokuwa ndani.

Mama ananiangalia.

Nikafungua pale tuliweka alama, nikaanza kutamka zaburi niliyokariri Sunday school. Lakini macho hayaombi ruhusa. Yakaona jina la muuaji, pale chini ya ukurasa.

Ni yule shemeji wa aliyeuawa.

Susu alisema ni shemeji tangu mwanzo. Mimi ndiye nilikuwa nabisha, tukicheka.

"Amina," watu wakajibu. Vijana wakashika majembe, wakaanza kufukia.

Msiniandikie pole, tafadhali. Kama kuna mtu unamsomea kitabu, mmalizie leo.