Walipomwotesha Mdogo Wangu Mchangani

Wiki iliyopita nilirudi Mbinga kutoka Mbamba Bay na magunia yangu ya dagaa, mgongo unauma, kitenge kinanuka mpaka abiria wenzangu walikuwa wananigeuzia visogo. Sijafika hata mlangoni, mama mkwe akatoka mbio. "Mwanangu, acha mizigo! Njoo uone, mtoto anatembea! Sasa hivi tu, hata dakika haijapita!" Na kweli, mwanangu alikuwa amesimama katikati ya uwanja, tumbo mbele, mikono juu, anakuja kwangu huku anayumba na kucheka. Nikamdaka. Mwenzangu, ungetegemea nipige kigelegele pale pale, sivyo? Mimi nikamgeuza, nikaushika mguu wake, nikautazama unyayo. Mama mkwe akauliza, "Unatafuta nini?" Nikasema mwiba. Nilikuwa nimechanganyikiwa, sijui nicheke au nilie, na sababu yake ni ya zamani sana. Kaa nikusimulie.

Nilikuwa na umri wa kama miaka minane. Tuliishi juu mlimani, Umatengo, kule ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na watoto wanakwenda shule wamejifunga mashuka ya mama zao. Baba alikuwa na kahawa yake nyuma ya nyumba na mashamba ya ngoro upande wa pili wa korongo. Kama hujaona ngoro, ni mashimo yaliyopangwa mlima mzima. Kwanza majani yaliyofyekwa yanalazwa kwa miraba, halafu unachimba katikati na udongo unaufunika juu ya majani yale. Mbegu, sikiliza vizuri hapa, mbegu haiwekwi shimoni. Inakaa juu, kwenye kingo. Shimo kazi yake ni kushika maji ya mvua yasikimbie na udongo. Bibi yangu wa mlimani, mama yake baba, alinichapa kiganjani siku niliyodondosha maharage shimoni. "Unataka yaoze? Kitu kinachotakiwa kusimama kinawekwa juu!"

Ndiyo miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na nakwambia, hakuna aliyeelewa kitu. Kahawa tuliyoizoea ilikuwa na njia moja tu. Unachuma, unamenya kwa mashine ya mkono, unaosha, unaanika kichanjani, halafu unajitwisha mpaka chama cha ushirika. Mara wakaja watu na malori yao na mizani zao, wanasimama njia panda wanaita. Maduka yakajaa sabuni za rangi. Mwalimu wetu, aliyetufundisha mwaka mzima kwamba mlanguzi ni adui wa taifa, akaanza kuja na begi la nguo za mitumba na kuziuza wakati wa mapumziko. Sisi watoto tukawa hatujui tumwambie shikamoo au tumuulize bei.

Baba naye akachukuliwa na mmoja wa wale wanunuzi, awe mtu wake wa mizani. Akawa anazunguka na lori, vijiji hata hatujavisikia. Anarudi siku mbili, ananuka dizeli, anatuletea mkate wa dukani, anaondoka tena. Na nyumbani palikuwa na mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa hatembei.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikula vizuri, alicheka, alivuta mkia wa mbwa. Ila watoto wa rika lake walikuwa wameshaanza kukimbiza kuku, yeye amekaa kama gunia. Hata kusema hasemi. Watu wakaanza kunong'ona, na bibi wa mlimani hakuwa mtu wa kunong'ona. Siku moja akatamka mbele ya jiko, mama anasonga ugali: "Huyu mtoto kabemendwa. Baba yake huko anakozunguka anajua alichofanya." Mama aliendelea kusonga mpaka nikaona ugali umeshaiva na bado anasonga. Mimi nikauliza, kubemendwa ni nini? Nikatumwa kuni. Nikamuuliza jirani, naye akanituma maji. Ukubwani ndipo nilipoelewa: wanasema mzazi akitoka nje ya ndoa mtoto angali ananyonya, mtoto anadhoofika. Wakati ule nilijua tu kwamba ni kosa la baba, kwamba limeingia miguuni mwa mdogo wangu, na kwamba mdogo wangu asipotembea baba na mama hawatakaa tena nyumba moja. Hilo la mwisho nililisikia mwenyewe nyuma ya ukuta.

Baba aliporudi safari ile hakugombana na mtu. Alikaa na mdogo wangu uani jioni nzima, anamsimamisha, mtoto anakaa, anamsimamisha, mtoto anakaa. Asubuhi lori likapiga honi. Baba akamwambia mama, kwa sauti ya utani lakini macho hayakuwa ya utani, "Akitaka kutembea, mwambie anisubiri. Hii nataka niione mwenyewe. Watu waseme yao, mimi niione." Mama akaitikia tu, "Sawa, baba."

Wiki ile ile mama akafunga mzigo, akambeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukateremka ziwani, kwao, Lundo. Mama alikuwa mtu wa ziwani. Nilikuwa nimewahi kufika huko nikiwa mchanga sana, kwa hiyo kila kitu kilikuwa kigeni. Joto lile! Ugali wa muhogo unaonatanata mkononi, samaki mbasa wa kuchoma, dagaa walioanikwa pwani nzima mpaka ukifumba macho unaona fedha. Watu wanaongea Kinyasa, mimi najua Kimatengo na Kiswahili cha shule, basi nikawa nacheka wakicheka. Bibi wa ziwani, mama yake mama, alimpokea mjukuu, akamminya mapaja, akamminya magoti, akasema, "Hana ugonjwa huyu. Huko mlimani kwenu hamna mchanga, atajifunzia wapi kusimama?"

Kesho yake akaenda karibu na vichanja vya dagaa, akachimba shimo mchangani kwa sufuria kuukuu, akamsimamisha mdogo wangu humo mpaka kiunoni, akamzungushia mchanga. Nikapiga kelele. Jamani, wanamzika! Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Akanieleza kwamba watoto wao wote wamesimama hivyo. Mchanga unamshika mtoto, miguu inapata nguvu, na mama anapata nafasi ya kugeuza dagaa. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa ametulia, anapiga mchanga kwa viganja kama mwenye duka. Lakini mimi sikutulia. Mtoto wa ngoro mimi! Nilikuwa nimechapwa kiganja kwa sababu ya jambo hili hili. Ukiweka kitu shimoni kinaoza. Kila siku wanamwotesha mdogo wangu shimoni, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba wanakosea, na sina lugha ya kuwaambia.

Basi asubuhi moja nikaachwa nimlinde. Mama na bibi wamenipa mgongo, wanageuza dagaa. Nikamchimbua mdogo wangu, nikakusanya mchanga nikafanya kingo nzuri, ndefu, kama alivyonifundisha bibi wa mlimani. Nikaipigapiga iwe imara. Halafu nikamsimamisha juu yake, mahali pa mbegu. Nikamwachia.

Mchanga si udongo wa Umatengo. Kingo ikameguka. Mdogo wangu akaona anaanguka, akatupa mguu mmoja mbele, mchanga ukameguka tena, akatupa wa pili, na kufika chini akawa hana breki, akaendelea! Alikwenda hivyo hivyo, matako nyuma, mpaka akakishika kichanja cha dagaa, akaangusha dagaa wa watu. Mama akageuka kwa hasira ya dagaa. Akaona.

Uso ule siwezi kuusahau. Kigelegele kilianza, nilikisikia kikianza kooni, halafu mama akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Akapiga magoti mchangani, akamkumbatia mtoto, analia bila sauti, mabega yanatikisika. Bibi akasema, "We binti, mbona unameza furaha? Piga kelele, watu wasikie!" Mama akatikisa kichwa. "Baba yake hajaona." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe hujaona kitu."

Lakini nimeona! Nimeona kuliko wote! Nilisubiri nisifiwe kwa kingo yangu, nikaambiwa sijaona. Na kuanzia hapo maisha yakawa vichekesho. Mtoto aliyeletwa ziwani ajifunze kutembea sasa anakatazwa kutembea. Tukiwa wenyewe nyuma ya nyumba mama anamwachia, anakimbia juu ya kokoto, anakanyaga miba, anaanguka, anainuka, na mama anamtazama huku anang'aa. Akipita mtu, hop, anadakwa na kuketishwa. Akipiga mayowe, bibi anawaambia majirani ni meno. Salamu zikatumwa mlimani kwa dereva wa lori la samaki: mtoto bado, ila dalili nzuri, baba yake aje.

Baba alichelewa. Hata nilidhani haji. Kisha siku moja mchana akashuka njia ya mihogo, amekonda, viatu vyeupe kwa vumbi. Mama alimwona kwa mbali kabla yetu. Alimnyakua mdogo wangu, akakimbia naye mchangani, akamtia shimoni, akamfunika harakaharaka, halafu akaketi kando yake anachambua dagaa kana kwamba yupo hapo tangu asubuhi. Baba akasalimia, "Shikamoo, mama," bibi akaitikia, wakaulizana habari za safari. Macho ya baba yalikuwa shimoni.

"Bado?" akauliza.

"Jana alitaka kusimama," mama akasema. "Tumjaribu."

Akamtoa, akamsimamisha mbele ya baba. Na yule mtukutu, aliyekuwa anatusumbua kutwa kwa mbio, akakaa chini. Mama akamsimamisha tena. Akakaa. Wanawake wa vichanjani wakaacha kazi. Nilimwona baba akiangalia ziwa, na mama akawa mweupe midomo. Nikafikiri, ndiyo hivyo, mama ametunza mpaka kimeoza.

Baba akavua kofia, akaiweka mchangani, akachuchumaa. Hakuita. Alichoka tu, nadhani. Mdogo wangu akaitazama kofia. Akainuka mwenyewe, akaja hatua kwa hatua mpaka magotini kwa baba, akashika kofia, akamtazama yule mwanaume usoni na kusema wazi kabisa neno ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake: "Njomba."

Weee! Pwani nzima ililipuka. Huko ziwani wanaume wote aliowaona walikuwa wajomba, angemwita nani mwingine? Baba alimrusha juu, anacheka na kulia, anapiga kelele, "Anatembea! Mmeona? Ndiyo kwanza, na mimi nipo! Mjomba na awe mjomba!" Na mama sasa akakiachia kigelegele kile alichokimeza, kirefu mpaka nikaogopa atapasuka.

Jioni baba alimpeleka mdogo wangu kumwosha ziwani, nami nikabeba sabuni. Alimwosha miguu kwa muda mrefu. Akaugeuza unyayo mmoja, akaupitisha kidole gumba, akaugeuza mwingine. Kisha akainua macho kumtazama mama, aliyekuwa anasuuza sufuria na hakuwa anatutazama. Nikadhani atasema kitu. Akaniomba sabuni.

Tulirudi mlimani sote. Bibi wa mlimani aliona mjukuu anavuka uwanja, akasema alijua tangu mwanzo kwamba ni uvivu tu. Lile neno la kubemendwa halikutamkwa tena nyumbani kwetu.

Nilimuuliza baba miaka mingi baadaye, mama ameshazikwa, tumekaa wawili uani kahawa inaanikwa. Nilimwambia, baba, siku ile Lundo, mdogo wangu alikuwa ameshatembea kitambo. Hakushtuka hata kidogo. "Mtoto asiyetembea unyayo wake ni laini kama shavu," akasema. "Wa kwake ulishakuwa mgumu. Palikuwa na kovu la mwiba limeshapona."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka minane. "Niseme nini? Mama yako amenitunzia. Nimwambie nimekuta kimeshafunguliwa?"

Nikamuuliza kama mama alijua kwamba yeye anajua. Akageuza kahawa kwa kiganja. "Hilo nami nilitaka kumuuliza," akasema. Sasa na yeye hayupo. Pale palipokuwa na vichanja vya bibi pamejengwa nyumba ya bati la bluu, na watoto wa Lundo wanajifunzia kusimama kwenye viti vya plastiki. Mdogo wangu ni dereva wa lori, hatulii mahali. Mimi bado sijui kama nyumba yetu iliokolewa na ukweli au na uongo, na kila nikidhani nimepata jibu, napotea tena.

Basi turudi uwanjani kwangu. Unyayo wa mwanangu ulikuwa mgumu, una vumbi la siku nyingi, na kisigino kimeshaanza kupasuka. Mama mkwe amesimama, vidole vinavuta ncha ya kitenge chake. Mwanamke asiyekosa misa hata mvua inyeshe.

"Ndiyo kwanza leo, mama?" nikamuuliza.

"Ndiyo kwanza, mwanangu. Hata mimi nimeshtuka."

Nikaufuta ule mguu taratibu, nikamteremsha mwanangu chini. Halafu nikapiga kigelegele, mwenzangu, mpaka majirani wakatoka na miko mikononi. Mama mkwe akakipokea, machozi yanamtiririka. Na mtoto, kwa kelele zile, akakaa chini.

Nikamnyanyua. "Haya, baba," nikamwambia, "mama hajaona vizuri. Tembea tena."