Wembe Usubiri Karatasi

Yule mtaalamu anayewafundisha wagonjwa mahututi kujilisha na kunawa upya hasalimii mtu kabla ya kusoma majibu ya damu. Husimama miguuni pa kitanda, kidole kikishuka mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza. Binti wa mzee wa kitanda cha nne alimhesabu mtu wa maringo, hasa siku alipoleta wembe ili baba yake ajinyoe, naye mtaalamu akaukataa katakata. "Dada, chembe za kugandisha damu zimeshuka mno. Akijikata hata kidogo, damu haitakatika." Akampa mzee kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ajifute uso mwenyewe. Siku sita ikawa kitambaa tu, na binti kanuna. Ya saba, kidole kilitua kwenye mstari wa chembe zile, kikagonga mara mbili. "Haya mzee wangu, zimepanda, leo ndiyo leo. Dada, wembe uko wapi?" Mzee akanyoa kwa mkono unaotetemeka, kiganja cha mtaalamu kikiwa chini ya kiwiko bila kukigusa. Akajikata kidevuni. Binti, roho mkononi, akalitazama tone moja la damu likitokeza, likasimama, likaganda. Alipogeuka kumshukuru, yule bwana alikuwa keshafika kitanda cha tano, kidole kwenye karatasi, hasalimii mtu.